Kusudi Lisemwe na Mwenye Jeraha: Usomaji wa Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela

Utangulizi

Muhula uliopita niliwapa wanachama wa Chama cha Kiswahili shuleni mwetu, hapa Kinango, kisa kimoja cha pwani na swali moja: Jadili jinsi imani ya Kikristo inavyowasaidia wahusika waliojeruhiwa kupata kusudi la maisha. Kisa chenyewe kilitoka katika Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Juma Mbotela kilichochapishwa na Sheldon Press ya London mwaka 1934. Kitabu hiki hakimo katika orodha ya vitabu teule. Nilikichagua kwa kuwa kinaihusu pwani yetu, na kwa kuwa swali la aina hii huwatega watahiniwa katika kitabu chochote watakachopewa.

Karibu majibu yote yalifanana. Wahusika waliteswa, Mungu alikuwa na mpango wake, walikombolewa wakaipata Injili, kwa hivyo mateso yao yalikuwa na maana, nao wakashukuru. Hoja zilipangwa vizuri na kupigiwa mstari, kama tunavyowafundisha. Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliandika sentensi moja tu akaweka kalamu chini. Nilipomwuliza sababu, alisema, "Mwalimu, nani alimwambia mwandishi kwamba yule mtu alishukuru?"

Msichana huyu alikuwa amemzika mama yake mwezi Januari. Nilikuwapo mazishini. Pale pale kaburini nilimsikia mzee mmoja akimwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba Mungu hafanyi jambo bila sababu. Msichana alitikisa kichwa kwa adabu, "Naam, babu," kisha akageukia upande wa pili.

Makala haya ni jaribio la kumjibu. Mwandishi wa makala haya ni Mkristo na hana nia ya kuidharau imani. Ninaamini kwamba jeraha linaweza kugeuka likawa kazi, hata wito. Ninalopinga ni namna tunavyolihakiki jambo hilo darasani. Tunaisaka maana ya mateso mwishoni mwa kisa, tunaiandika kama dhamira, kisha tunasonga mbele. Hatuulizi maana hiyo imetamkwa na nani, wala kama aliyeumia alipewa nafasi ya kulia kabla ya kupewa maana.

Usuli wa kitabu

Walimu wengi wanalijua jina la kitabu kuliko kitabu chenyewe. Katika kozi za historia ya riwaya hutajwa kwa haraka kama mojawapo ya maandishi ya awali ya nathari ndefu ya Kiswahili, kisha mjadala huhamia kwa Shaaban Robert. Tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1956. Wengine wanakiita riwaya, wengine historia, wengine kumbukumbu ya ukoo. Sioni faida ya kuugombania utanzu wake. Ni masimulizi ya mtoto wa Frere Town kuhusu yale yaliyowapata wazazi wake na watu wa kizazi chao.

Muhtasari wake ni huu. Watu wa bara ya kusini, pande za Wayao na Ziwa Nyasa, wanatekwa na kufungwa, wanaandamishwa kwa miguu hadi pwani, wanapakiwa majahazini. Manowari ya Waingereza inalikamata jahazi, watumwa wanakombolewa na hatimaye wanaletwa Mombasa, wanakoanzishiwa makao mapya chini ya wamishonari wa CMS.

Historia inaafikiana na masimulizi hayo katika mambo makuu. Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini mwezi Juni 1873, baada ya ujumbe wa Sir Bartle Frere. Kijiji kilichoanzishwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kikapewa jina la Frere huyo. Mwaka 1875 manowari iliyoitwa Thetis ilileta hapo zaidi ya watu 200 waliokombolewa, wengi wao watoto. Anayepita leo Kengeleni, njia ya kwenda Kisauni, hulikuta jina la kengele iliyokuwa ikipigwa kuwaonya wanakijiji hatari inapokaribia, kwa sababu wapo waliotaka kuwarudisha utumwani. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025 na ambaye sauti yake ilijulikana nchi nzima kwa kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?", alitoka katika ukoo huo wa Mbotela wa Frere Town. Wanafunzi wangu hawakuwa na habari na kitabu, lakini nilipoitaja sauti hiyo, walisema wameisikia kwa wazazi wao.

Lawama dhidi ya kitabu

Wahakiki wameushutumu Uhuru wa Watumwa kwa mambo mawili, nayo yote mawili yana msingi. Kwanza, kinamsifu Mwingereza kupita kiasi, kana kwamba uhuru ulikuwa zawadi iliyoshuka kutoka melini. Pili, kinamchora Mwarabu kwa rangi moja tu. Biashara ile ilikuwa na mikono mingi: wapo machifu wa bara waliouza, wakiwamo wa Wayao wenyewe, wapo Waswahili waliosafirisha, na yalikuwapo mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, na kabla yake mashamba ya miwa ya Wafaransa visiwani, yaliyohitaji nguvu kazi. Katika darasa la Kinango, ambamo Waislamu na Wakristo wanakalia dawati moja, na wengine wana babu wanaoshika mila za Kiduruma, mwalimu hawezi kusoma kitabu hiki kana kwamba lawama inaweza kugawanywa kwa dini. Nimesahihisha insha iliyofanya hivyo. Sikuipa alama, na nilimwita aliyeiandika tukazungumza.

Lawama ya kwanza inahusu moja kwa moja mada yetu. Ikiwa uhuru ni zawadi na mtoaji ni mmishonari, basi kilichobaki kwa aliyeumia ni kushukuru tu. Jeraha linapewa kusudi haraka mno: ulitekwa ili ukombolewe, ulikombolewa ili ubatizwe. Mateso yanageuzwa kuwa nauli ya safari ya kuelekea kanisani. Hilo ndilo jibu walilolinakili wanafunzi wangu, na ndilo msichana yule alilolikataa bila kujua kwamba alikuwa akirudia hoja ya wahakiki.

Zaidi ya hayo, maisha ya Frere Town hayakuwa shukrani tupu. Mwaka 1881 uchunguzi ulibaini kwamba msimamizi wa kijiji alikuwa akiwachapa viboko vikali na kuwafungia baadhi ya watu walioletwa pale kwa jina la uhuru. Mambo ya namna hiyo hayapewi uzito katika kitabu. Mwandishi anaandika mwaka 1934, katika nchi inayotawaliwa na Waingereza, kwa mchapishaji aliye London. Tangu mwaka 1930 kulikuwa na Kamati ya Lugha iliyokuwa ikiidhinisha vitabu vya Kiswahili vya kusomwa shuleni. Utumwa kisheria ulikuwa umekomeshwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907, yaani miaka 27 tu kabla ya kitabu kutoka. Waliokuwa watumwa na waliokuwa mabwana walikuwa bado wakipishana sokoni. Tunapomlaumu mwandishi kwa yale asiyoyasema, tukumbuke alikuwa akisema akiwa amesimama wapi.

Kauli ya kutendwa

Hata hivyo, naona wahakiki wamekiacha kitabu mapema. Na hapa nawaomba walimu wenzangu tutumie kifaa tulicho nacho sisi wa lugha kuliko wanahistoria: sarufi.

Mwambie mwanafunzi asimulie upya kisa hiki kwa vitenzi vitupu. Atasema: walitekwa, walifungwa, waliandamishwa, waliuzwa, walipakiwa, walikombolewa, waliletwa, walifundishwa, walibatizwa. Vyote viko katika kauli ya kutendwa. Mteka nyara ndiye mtendaji katika nusu ya kwanza, mwokozi ndiye mtendaji katika nusu ya pili. Aliyeumia anapita kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na hata anapookolewa bado anatendwa. Nimelifanya zoezi hili ubaoni mara kadhaa. Darasa huwa kimya orodha inapofika kwenye "walibatizwa", kwa maana wanaona wenyewe kwamba umbo la kitenzi halijabadilika.

Hata jina la kitabu lina mtego. Kihusishi "wa" katika Uhuru wa Watumwa kinaweza kusomwa kwa namna mbili: uhuru walioupata waliokuwa watumwa, au uhuru wa watu ambao bado wanaitwa watumwa. Mwandishi hakuandika "uhuru wa watu". Sidai kwamba alikusudia utata huo. Lakini Frere Town yenyewe waliokombolewa waliitwa mateka kwa miaka mingi, na neno hilo nalo limetokana na kutekwa.

Sasa, ni wapi katika habari hii yote kitenzi kinageuka na kuwa cha kutenda? Kinageuka mahali pawili, na pote pawili ndipo imani inapokuwa na kazi ya kweli.

Mahali pa kwanza ni nje ya kitabu, karibu zaidi na sisi. Si wote walioletwa na manowari. Wengi walitoroka wenyewe kutoka mashamba ya pwani wakakimbilia bara: wengine Fuladoyo, wengine Rabai kwenye kituo cha misheni. Walitembea usiku. Hawa hawakuokolewa, walitoroka, walijificha, walilima, walijenga. Walikuwa wengi kiasi kwamba Januari 1889 kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikianza kuitawala pwani ililazimika kuwalipa mabwana fidia, na watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru pale Rabai. Mwongozo wa shukrani unasema kwamba kampuni iliwapa uhuru. Kwa kweli, walikuwa wameuchukua kwa miguu yao. Kampuni ililipa bei ya jambo lililokwisha kutendeka. Kwa watoro hao kanisa halikuwa maana ya mateso yao. Lilikuwa mahali pa kukimbilia, ambapo mtu anaweza kulala akaamka. Kusudi lilikuja baadaye, kwa wale liliowajia.

Watoto wa Kinango wanalielewa jambo hili haraka kwa sababu lina kumbukumbu ya nyumbani. Katika njaa ya Mwakisenge, miaka ya 1880, familia za Mijikenda ziliwaweka watoto rehani kwa watu wa pwani ili zipate nafaka, na wapo watoto ambao hawakurudi. Mvulana mmoja alituambia kwamba nyanya yake humtaja shangazi wa zamani "aliyeachwa kwa mahindi". Hakuna aliyemwambia kwamba Mungu alikuwa na sababu zake. Tulinyamaza kidogo, kisha tukaendelea na kipindi.

Mahali pa pili ni jalada la kitabu. Mtoto wa mtu aliyetendwa ameandika. Tazama jina lake: James ni la ubatizo na la Kiingereza, Juma ni la pwani ya Kiislamu, Mbotela ni la bara, limekuja na baba. Njia yote ya mateso na ya wokovu imo katika maneno matatu, na hakuna lililofutwa. Frere Town watoto wengi walipewa majina ya Biblia, na majina yao ya kwanza yakapotea pamoja na vijiji vyao. Katika ukoo huu jina la bara lilibaki. Nionavyo mimi, shukrani ambazo wahakiki wamezishutumu ni gamba tu. Kusudi ambalo imani ilimpa Mbotela ni kushuhudia: shule ya misheni ilimpa herufi, naye akazitumia kuandika jinsi baba zake walivyofungwa. Neno ushuhuda ni la kanisani na la mahakamani pia. Anayetoa ushuhuda kanisani hutazamiwa kumaliza kwa sifa, na Mbotela anamaliza hivyo. Lakini ili amalize kwa sifa inambidi kwanza aitaje njia ile kituo kwa kituo, na akishaitaja, haiwezi kufutwa tena.

Jibu langu kwa swali la msichana, basi, ni kwamba mwandishi aliambiwa na wazee wa Frere Town. Ikiwa walishukuru kwa kiasi kile au mwandishi aliwaongezea, matini peke yake hayatuambii. Lakini kwamba walisimulia, kitabu kizima ni ushahidi.

Yusufu, na marafiki wa Ayubu

Mwanafunzi akiulizwa mfano wa mateso yenye kusudi, humtaja Yusufu. Ni mfano mzuri, hasa kwa kitabu hiki, kwani Yusufu aliuzwa utumwani na ndugu zake mwenyewe. Una faida nyingine kwetu: Waislamu wanamjua kwa sura yake katika Kurani, Wakristo kwa kitabu cha Mwanzo, na washairi wa pwani wamemtungia tenzi. Hakuna mwanafunzi anayeachwa nje.

Lakini tunamsoma Yusufu kama tunavyosoma Uhuru wa Watumwa, yaani tunarukia mwisho. Katika Mwanzo, Yusufu analia mara nyingi. Anajitenga chumbani ili alie. Anapojitambulisha kwa nduguze analia kwa sauti hadi nyumba ya Farao inasikia. Ni baada ya hapo tu ndipo anaposema kwamba Mungu ndiye aliyemtuma mbele yao. Na anayesema ni yeye, aliyetupwa shimoni. Hebu tubadilishe msemaji. Maneno hayo hayo yangetoka kwa Yuda au Reubeni, kwamba tulikuuza, ndugu yetu, lakini Mungu alikuwa na mpango wake, yangekuwa matusi.

Marafiki wa Ayubu walifanya kosa hilo. Siku saba za kwanza walikaa naye chini bila kusema neno, na hapo walikuwa marafiki wa kweli. Walipofungua vinywa walianza kumweleza sababu za mateso yake, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu aliyelalamika. Mzee wa pale kaburini alikuwa rafiki wa Ayubu. Nami, nilipotunga swali langu la insha, nilikuwa rafiki wa Ayubu mwenye kalamu nyekundu.

Kipimo hiki, yaani nani anasema na je, amelia kwanza, kinafaa kwa kazi nyingine. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), Rosa anajeruhiwa na ukali wa baba yake mlevi, Zakaria, na jeraha hilo halipati maana yoyote duniani ingawa jamii yake ni ya Kikatoliki na jina lake lenyewe ni la Bikira Maria. Mwandishi analazimika kuipeleka kesi mbele za Mungu baada ya kifo. Wengi hukichukulia kitendo hicho kama kufuru au mzaha. Mimi naona Kezilahabi, aliyesoma seminari, alikuwa akisema kwamba binti huyu hakupata mtu wa kumsikiliza hapa chini. Katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyotahiniwa hadi mwaka 2022, mambo ni kinyume: Ridhaa aliyeteketezewa jamaa zake, na Mwangeka mwanawe aliyempoteza mke na mtoto, wanapewa kurasa nyingi za kuomboleza kabla familia mpya haijaundwa. Ndiyo maana chozi lao linaweza kuitwa la heri. Kwa Bembea ya Maisha ya Timothy Arege sitasema mengi. Walimu waliangalie jina la Yona, na wawaulize wanafunzi kama majuto yake yanamtosha Sara.

Kaburi la ng'ambo

Tulipokuwa tukijadili haya, mwanafunzi mmoja aliuliza kama wamishonari wenyewe hawakuwa na majeraha. Swali zuri, na jibu lake linawahusu walimu wa Kiswahili kuliko watu wengine.

Ludwig Krapf, Mjerumani wa CMS, alihamia Mombasa na mkewe Rosine mwezi Mei 1844. Julai mwaka huo huo Rosine alifariki kwa homa baada ya kujifungua, na mtoto wa kike akamfuata baada ya siku chache. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, katika ufuo ule ule ambao miaka 31 baadaye wangeteremshiwa mateka wa Frere Town. Krapf alibaki. Mwaka 1846 alifungua kituo cha Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Sarufi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1850, na kamusi yake kubwa mwaka 1882, baada ya kifo chake. Ni rahisi mno kuandika kwamba msiba ndio uliozaa kamusi. Nimewahi kulisikia likisemwa hivyo kwenye mahubiri.

Tarehe zinakataa. Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mwezi Juni 1844, kabla ya msiba, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Jeraha halikumpa kazi, lilimkuta kazini. Alichofanya ni kuirudia kazi ile ile mikono ikiwa mitupu, na kitabu alichokuwa akikitafsiri ndicho chenye kisa cha Yusufu. Na kuna jambo jingine. Kabla ya kufika Mombasa, safarini katika nchi ya Uhabeshi, yeye na Rosine walikuwa wamempoteza mtoto wao wa kwanza aliyezaliwa njiti nyikani. Walimbatiza Eneba, neno la Kiamhari lenye maana ya chozi. Hawakumwita Neema, wala Tumaini. Wazazi wamishonari, wenye mahubiri tele, walipotakiwa kulitaja jambo lile walilipa jina lake halisi.

Darasani

Kwa mtahiniwa, haya yana faida ya moja kwa moja. Swali likiuliza mchango wa dini au imani kwa mhusika aliyejeruhiwa, asianze na mwisho wa kisa. Aonyeshe kwanza jeraha lenyewe kwa matukio, kwa sababu mtahini hawezi kutuza uponyaji wa kidonda asichokiona. Kisha aeleze ni nani katika matini anayedai kwamba mateso yana maana: ni mhusika mwenyewe, ni msimulizi, ni kiongozi wa dini, au ni mtu anayefaidika mhusika akinyamaza? Tofauti hiyo peke yake inaweza kuzaa hoja tatu au nne. Na asiogope kuandika kwamba imani katika kazi fulani imeshindwa, mradi ana ushahidi. Wako walimu wanaowatisha watahiniwa kwamba mtahini mcha Mungu atawanyima alama. Mtahini hutuza hoja na mfano.

Kwa mwalimu ni vigumu zaidi. Tunafundisha majeraha ya wahusika mbele ya watoto wenye majeraha, na hatujui nani ana lipi mpaka tuone karatasi iliyoachwa wazi. Nimeacha kuuliza "tunajifunza nini?" mwishoni mwa kila kipindi. Wakati mwingine nasoma kifungu, nafunga kitabu, nasubiri kengele.

Baada ya mjadala ule tulikwenda Shimoni, kwenye mapango ambamo wenyeji wanasimulia kwamba watumwa walifungiwa wakingoja majahazi. Tuliporudi niliwapa insha ya tawasifu: Wewe ni mmoja wa watu walio ndani ya manowari, usiku mmoja kabla ya kufika Mombasa. Hujui unapelekwa wapi. Andika. Niliwakataza kutaja lolote litakalotokea asubuhi.

Msichana yule aliandika kurasa mbili na nusu. Mhusika wake anawahesabu walio melini wanaoijua lugha yake na kuwapata wawili, mmoja wao mtoto mchanga asiyesema bado. Anajaribu kukumbuka wimbo aliokuwa akiimba mama yake wakitwanga, lakini mwendo wa meli unamharibia mapigo ya mchi. Jina la Mungu linatajwa mara moja tu, karibu na mwisho, na linatajwa ndani ya swali. Katika sentensi ya mwisho anaanza kumfundisha yule mtoto neno moja la kwao, ili wapate kuwa watatu.

Nilimpa alama 18 kati ya 20. Mbili nilizikata kwa ajili ya tahajia, akaja ofisini kuzibishia.